Simu Isafiri, Laini Ibaki

Benchi letu liko Lurambi, nje ya kibanda cha kutengeneza simu, na kabla halijawa letu lilikuwa la kanisa. Nani alilitoa huko na kwa ruhusa ya nani, hilo hatuulizani. Mguu wake mmoja uliwahi kuvunjika nikaufunga kwa mpira wa tairi, maana mimi ni fundi viatu na kitu kibovu kikikaa karibu nami hunikera. Kila siku saa nne asubuhi Rajabu hutua hapo na birika la kahawa ya tangawizi, anatupa salaam aleikum hata sisi tusiojua kuitikia sawasawa, anamimina, na kesi ya siku inaanza. Sheria ni moja tu: birika likikauka, kesi imefungwa, na mwenye hoja iliyobaki arudi nayo kesho. Jumanne hii ninayoisema, kesi ilikuwa ya Sellah.

Sellah hupika chapati hatua tatu kutoka benchi, na kwa kawaida hutusikiliza akiwa ametupa mgongo. Siku hiyo aligeuka mzima mzima, mwiko mkononi.

— Nyinyi mnajuanga kila kitu, alisema. Sasa niambieni. Nikienda na hii simu Ujerumani, itanikula pesa?

Habari ya Ujerumani tulikuwa nayo tayari. Binti yake Khalayi ni muuguzi huko, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, akamtumia mama yake tiketi aende amsaidie kulea miezi mitatu. Ndege ilikuwa Alhamisi. Pasipoti Sellah alikuwa ameificha ndani ya debe la unga, mahali pa siri ambapo sote tulipajua.

Wa kwanza kujibu alikuwa Bramwel, mwenye kibanda, ambaye tunamwita Netiwaki. Huyu simu anazijua kweli, na ndiyo sababu husikilizwa kidogo kuliko wengine. Alieleza kwamba ukivuka mpaka, laini yako inakuwa mgeni katika mnara wa watu wengine. Hiyo ndiyo roming. Mwenye mnara anakutoza, na anakutoza kwa bei ya mgeni. Programu zako nazo hazijui kama umesafiri, zinaendelea kujivutia data mfukoni huku wewe unaangalia mawingu. Kwa hivyo zima roming ukiwa bado Nairobi, huko utumie waifai ya Khalayi, au ununue laini ya wenyeji.

— Na kitu ingine, aliongeza. Huko ukishika simu, hata kama ni wewe umepigiwa, unalipa.

— Nani analipa? Kiprono aliuliza.

— Wewe uliyepigiwa.

— Wacha uongo. Tangu lini mwenye kupigiwa akalipa? Hiyo ni kama mtu akugongee mlango halafu wewe ulipie mlango.

Kiprono ndiye Balozi wetu. Aliwahi kukaa Dubai miezi minne akilinda mahali pa kuegesha magari, lakini akianza kusimulia ungedhani alirudi na funguo za mji mfukoni. Alisema mambo ya Netiwaki ni ya vitabuni. Yeye alikuwa Dubai, alizima simu kabisa, akaiweka ndani ya soksi, na bado kredi iliisha.

— Mnara hauhitaji uwashe, alisema. Mnara unaona simu yako tu. Ukishaonwa, umekwisha.

— Hiyo ni kweli, nikasema mimi, na hapa nakiri nilichangia ujinga wa siku hiyo. Nilienda matanga Busia mwaka jana. Mpaka sikuvuka, nilikuwa upande wetu, nimeketi kwa hema. Nikapata ujumbe, karibu Uganda. Kabla mchungaji hajamaliza, kredi yote ilikuwa imeenda.

— Kwa hivyo wewe hujawahi kufika Uganda, alisema Erastus taratibu, lakini simu yako imefika.

Akaandika. Erastus alikuwa karani wa baraza la mji enzi hizo, na hata baada ya kustaafu hawezi kusikia watu wakibishana bila kutoa daftari lake la kijani. Tunamwita Hansadi, kama kumbukumbu za bunge. Pia ni mtu wa methali, na methali zake huwa kama viatu vilivyovaliwa kulia kushoto: ni vyake, ni vizuri, ila mguu sio.

— Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, aliendelea. Kwa hivyo laini ya mgeni haifai kutozwa chochote. Sellah aende akawaambie Wajerumani hivyo.

Sellah alisema hana Kijerumani cha kuwaambia hivyo. Kisha akaketi juu ya debe lake, jambo ambalo hatujawahi kumwona akifanya chapati ikiwa kwenye kikaango, akatueleza shida yenyewe.

Mama yake, kukhu Risper kama wajukuu wanavyomwita nyanya yao, anaishi peke yake Ekero. Kusoma hajui, na simu yake ni kabambe, ile ndogo ya tochi. Kila jioni saa moja humflashi Sellah: inalia kidogo, anakata. Maana yake ni nimekula, niko mzima, nalala. Sellah naye humflashi: nimesikia, hata mimi niko mzima. Hakuna anayeshika na hakuna anayelipa. Wamefanya hivyo miaka kumi na moja bila kukosa siku. Simu ikilia na isikatwe, hapo kuna jambo. Mara ya mwisho kukhu kuiacha ilie ilikuwa alfajiri aliyofariki baba yake Sellah.

— Na hajui kama naenda, alisema. Sijamwambia.

— Hujamwambia mama yako? Netiwaki aliuliza.

— Khalayi akienda huko, mama alikaa siku tatu bila kula, hata obusuma hakugusa. Na huyo alikuwa mjukuu. Sasa mimi ndiye nimebaki. Nikimwambia naingia kwa ndege, tutamzika. Nataka niende nirudi, jioni yake isiharibike. Lakini nikiflashi kutoka huko kila siku miezi mitatu, si nitarudi nikiwa nimeuza hata hii jiko?

Chapati iliungua. Hakuna aliyesema kitu kuhusu chapati, na hapo ndipo nilipojua kwamba kesi ni nzito.

Wakati huo kulikuwa na mama mmoja mgeni ameketi pembeni mwa benchi. Alikuwa ametoka Lugari, anampelekea mwanawe Kiprop ingokho, na kuku mwenyewe alikuwa ametoa kichwa kwenye kikapu anatuangalia mmoja mmoja. Mama Kiprop alikuwa akingoja Netiwaki aibadilishe betri ya kabambe yake. Alikuwa amekunywa vikombe viwili bila kusema neno, na Netiwaki, kwa jinsi kesi ilivyompanda kichwani, alikuwa ameishika ile betri mpya mkononi kwa nusu saa akiipungia watu hewani.

Balozi alipendekeza Sellah aifunge simu kwa karatasi ya foili, ile ya kufungia nyama, mnara usiione. Saa moja ikifika anaifungua, anaflashi upesi, anaifunga tena. Netiwaki aliuliza hiyo flashi itatokaje bila mnara kuiona. Balozi alijibu kwamba huo ni upesi wa mkono.

Alipoona foili haijashika, alipanda daraja.

— Sikilizeni. Wajerumani wako nyuma yetu kwa masaa. Sisi tukiwa saa moja jioni, wao bado ni mchana. Si ndiyo?

— Ndiyo, Netiwaki alisema kwa tahadhari.

— Basi Sellah akipiga, kwa saa yao hiyo simu bado haijafika saa ya kupigwa. Sasa kampuni itaandika deni ya simu ambayo haijapigwa?

Rajabu, ambaye huwa haingilii, aliacha kumimina. Hansadi aliandika hoja nzima na kuipigia mstari. Akasema mwenda pole hajikwai, kwa hivyo Sellah atafute simu yenye netiwaki ya polepole, kwa sababu polepole haitozwi. Netiwaki akashika kichwa. Mimi nikasema labda angeongea na rubani, sikumbuki hata kwa nini. Mtu akikaa kwenye lile benchi huwa kuna kitu kinapanda kutoka kwenye mbao.

Ndipo Hansadi akafunga daftari, na akifunga daftari huwa kuna uamuzi.

— Tumekuwa tukiuliza vibaya, alisema. Nani humflashi kukhu, ni simu ama ni laini?

— Ni laini, Netiwaki alisema. Namba iko kwa laini.

— Na nani anapanda ndege?

— Sellah.

— Basi simu isafiri, laini ibaki.

Ilituchukua muda kuielewa, na ilipotuingia tulisimama karibu sote. Sellah aiache laini yake hapa Lurambi. Netiwaki aiweke ndani ya kabambe moja kuukuu aliyo nayo. Kukhu akiflashi saa moja, mmoja wetu hapa anamrudishia. Namba ni ileile, jioni ni ileile, na gharama ni sufuri. Huko Ujerumani Sellah atakuwa kwenye waifai ya Khalayi akila mikate yao. Mama hatajua, mnara hautajua, na Wajerumani hawatapata hata senti.

Netiwaki alitafuta kosa, akakubali halipo. Balozi alidai kwamba hilo ndilo alilokuwa akisema tangu mwanzo. Sellah alicheka, na nilifurahi sana kumwona akicheka, maana wiki nzima alikuwa akikanda unga kama mtu anayegombana nao.

Hansadi alichora zamu papo hapo: Jumatatu Balozi, Jumanne mimi, Jumatano Netiwaki, hivyo mpaka wiki iishe. Rajabu alikataa kuwekwa, akasema saa moja jioni yeye yuko msikitini, na Jumapili aliyokuwa amepangiwa Hansadi akaichukua mwenyewe. Kisha tukafanya mazoezi, kwa sababu Sellah alisema mama yake anaijua flashi yake.

— Yangu ni mlio mmoja na kidogo, alisema. Wa pili ukianza tu, nakata. Mkiacha miwili mizima atajua si mimi.

Balozi alijaribu kwenye simu yangu. Ikalia mara nne.

— Hiyo ni matanga, alisema Sellah. Tena.

Akajaribu. Miwili na nusu. Kidole chake ni kizito, na pia alikuwa akifunga macho. Hansadi alimwambia samaki mkunje angali mbichi. Kwa mara ya tano Balozi alipata mlio mmoja na kidogo, tukampigia makofi, na kuku akapiga kelele ndani ya kikapu.

Mama Kiprop alimtuliza kuku kwa kiganja. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuelewa:

— Na siku huyo mama akiacha simu ilie?

Tulimtazama.

— Si mmesema akiacha ilie kuna shida. Sasa siku akiacha ilie, na mtoto wake hayuko, nani atashika?

Hansadi alifungua daftari, akalifunga. Netiwaki aliangalia betri aliyoishika. Balozi alianza kusema kwamba Dubai, halafu Dubai ikamwishia mdomoni. Mimi nilifikiria Jumanne yangu. Nilimfikiria yule mama gizani Ekero akisubiri sauti ya Sellah, na mimi nimeketi kwangu nimeishika simu inayolia, fundi viatu asiyemjua hata kwa sura, sijui niseme nini. Niliona aibu. Tulikuwa tumeshughulika na pesa ya flashi mpaka tukasahau flashi yenyewe ilikuwa ya nini.

Sellah aligeukia jiko lake. Aliepua kikaango, akajifuta mikono kwa aproni, akatoa simu. Simu yake ilishaingiwa na mafuta ya chapati, haisikiki ukiiweka sikioni, kwa hivyo huongea kwa spika. Akapiga.

Ililia mara moja, mbili, tatu, ikakatika. Baada ya kitambo kidogo ikalia ya kwake: mlio mmoja na kidogo, kimya.

— Amekuflashi, Balozi alimwambia, kana kwamba alihitaji kuambiwa.

Sellah akapiga tena. Ikalia mpaka ikachoka. Mama yake akamflashi tena. Mara ya tatu ikawa vilevile. Kukhu alikuwa anajibu vizuri kabisa, kwa njia waliyofundishana: niko mzima, niko mzima, niko mzima. Rajabu aliinamisha birika, kahawa ikatoka nusu kikombe, akampa mama Kiprop.

Mara ya nne Sellah aliacha ilie, na ilipokatika akapiga papo hapo bila kumpa mama nafasi ya kuflashi. Ikashikwa.

— Nani amekufa? ilisema sauti.

— Hakuna, mama. Ni mimi.

— Mbona unapiga na jua liko juu? Nimekuflashi mara tatu ujue niko mzima.

— Nimeona, mama. Nataka kukuambia kitu. Alhamisi nasafiri. Naenda kwa Khalayi.

Upande wa pili alisikika jogoo wa Ekero, na kuku wa kikapuni akageuza kichwa. Netiwaki alikuwa amesogea hadi kwenye jiko, betri bado mkononi.

— Ndege ya usiku? kukhu aliuliza.

— Ya usiku.

— Khalayi aliniambia hivyo.

Sellah alitafuta debe kwa mkono bila kuangalia, akaketi.

— Khalayi alikuambia?

— Kila Jumapili tukitoka kanisa ananipigia kwa simu ya huyu jirani, Rachael. Ile ya uso. Mtoto nimemwona tangu akiwa na siku mbili. Ako na masikio ya baba yako.

— Mama, kama ulikuwa unajua, mbona hukuniambia?

— Nilikuwa nangoja uniambie wewe.

Sellah alifunika macho kwa kiganja chenye unga. Sisi tuliangalia barabara. Kukhu aliendelea, na sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyelipanga jambo hili zamani.

— Hapo mwanzo nililia, ndiyo. Nimemaliza. Sasa nisikize. Ukifika, hiyo laini yako uzime. Khalayi alisema inakulanga pesa, hata ukipigiwa. Jumapili, kwa simu ya Rachael, nitakuona hapo pamoja na mtoto. Nikiwa na shida siku ingine, Rachael atawapata saa hiyohiyo. Tumeshapanga.

— Na jioni, mama? Saa moja?

— Jioni nitalala.

Nilidhani amemaliza, na nadhani Sellah pia alidhani hivyo, kwa sababu alikuwa ameanza kutabasamu.

— Na Sellah.

— Mama.

— Khalayi ako Ujerumani na tunaonganga mpaka Rachael ananiletea chai. Wewe uko hapo Lurambi, na sauti yako nimeisikia mara ya mwisho Pasaka. Labda ukienda mbali tutaongea.

Simu ikakatika.

— Kredi imeisha? Balozi aliuliza.

— Amekata, alisema Sellah. Anaogopa itaisha. Na ni mimi nimepiga.

Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akakirudisha kikaango motoni, akampa kila mtu chapati moja bila kuuliza, hata ile iliyoungua alimpa Balozi. Alisema Jumatano hatakuja kazini. Atalala Ekero, aingie barabarani akitokea huko.

Netiwaki aliingiza betri kwa sekunde kumi, kazi iliyokuwa imengoja asubuhi nzima. Mama Kiprop alishukuru kabambe yake ilipowaka, akatuaga, akabeba kikapu. Hansadi alimsindikiza kwa macho, kisha akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilimwangalia ili nimkosoe, nikakosa pa kumshika. Alichana ukurasa wa zamu, akaukunja mara mbili, akaupenyeza chini ya ule mguu wa benchi unaoyumba.

Rajabu aligeuza birika juu chini. Halikutoa hata tone. Kesi ilikuwa imefungwa, na watu wakatawanyika.

Nilibaki peke yangu na viatu vya watu. Nina kaka yangu, Wesley, anaishi Shirere, ng'ambo tu ya mji, kwa miguu hata jasho hutoki. Tuna desturi yetu ya kila Ijumaa: namflashi, ananiflashi, tumejuliana hali. Nilijaribu kukumbuka lini nilisikia sauti yake, nikashindwa. Nikaweka kiatu chini, nikafuta gundi vidoleni, nikampigia na kuiacha ilie.

Ililia mara mbili akaikata. Halafu akaniflashi.